Kuitafuta Historia ya Mafuta ya Baharini

Mtu anayetaka kuandika habari za Kilwa Kisiwani huanza kwa kwenda kutazama. Msikiti Mkuu ungali umesimama, magofu ya Husuni Kubwa yangali yanaitazama bahari, na hata penye ukuta ulioanguka msingi wake huonyesha ukumbi ulikuwa wapi na birika lilikuwa wapi. Gedi nako ni vivyo hivyo. Mawe hayasemi kila kitu, walakini hayahami. Katika makala haya nakusudia kueleza taabu ya historia ya namna nyingine, ambayo mahali pake pa asili hapana jiwe wala ukuta. Ni historia ya kazi ya kuchimba mafuta baharini. Katika kazi hiyo jukwaa la chuma husimamishwa juu ya maji, na makumi ya watu huishi juu yake kwa zamu miaka ishirini au thelathini. Hula hapo, hulala hapo, huumia, na wengine hufia hapo. Kisha mafuta yakikauka, sheria humlazimisha mwenye jukwaa kulikata miguu chini ya mchanga wa bahari na kuliondoa. Siku chache baadaye mvuvi apitaye haoni alama ya kumwambia kwamba hapo palikuwa na watu.

Nimechagua Ghuba ya Meksiko, upande wa pwani ya Louisiana, nchini Marekani. Kazi hii ilikulia huko kabla ya kuenea katika Bahari ya Kaskazini, Afrika ya Magharibi na kwingineko, na wanachuo wa huko wamejaribu kwa bidii kuikusanya historia yake. Jitihada yao yafaa kutazamwa nasi pia, kwa pale ilipofaulu na kwa pale ilipopungukiwa.

Louisiana ya kusini ni nchi ya vinamasi ambayo si rahisi kusema bara imekoma wapi na bahari imeanza wapi. Wachimba mafuta waliingia katika vinamasi hivyo, wakasonga mpaka maziwani, na kutoka maziwani wakatokea baharini. Mwaka 1938 kampuni mbili, Pure na Superior, zilipata mafuta kwenye jukwaa la mbao mbele ya Creole, maili moja na nusu hivi kutoka ufukoni, mahali penye kina cha futi 14. Wafanya kazi walipelekwa huko kwa mashua za wavuvi wa kamba. Vita vikuu vilipokwisha, meli nyingi za jeshi ziliuzwa kwa bei ndogo, na zilikuwa kama zimetengenezwa makusudi kwa kazi hiyo. Tarehe 28 Septemba 1945 Rais Truman alitangaza kwamba mali iliyo chini ya bahari mbele ya pwani ya Marekani iko katika mamlaka ya serikali ya nchi hiyo. Majimbo ya pwani yakabisha, Mahakama Kuu ikayahukumu yameshindwa mwaka 1947 na 1950, na sheria mbili za mwaka 1953 zikagawanya bahari: Louisiana ikapewa maili tatu, na sehemu ya mbele ikabaki kwa serikali kuu. Nayapita mambo haya upesi kwa kuwa mabishano ya wakubwa yamehifadhiwa vizuri. Hukumu zimepigwa chapa, hotuba zimepigwa chapa, na kila mwanafunzi aweza kuzisoma akiwa amekaa kitini. Upungufu wa historia hii hauko kwa wakubwa.

Swali la kwanza ambalo mtu hukutana nalo ni hili: nani alianza? Jibu linalotolewa katika vitabu vingi na sherehe nyingi ni kisima cha Kerr-McGee cha mwaka 1947, mahali paitwapo Ship Shoal. Jukwaa lake lilikuwa dogo, futi 38 kwa futi 71, nalo lilisimama juu ya nguzo 16. Kando yake ilifungwa meli iliyokuwa ya jeshi ili iwe ghala na nyumba ya kulala. Tufani iliwapiga siku chache tu baada ya kuanza kuchimba, na nguzo zikahimili. Kisima hicho kilitoa mafuta mpaka mwaka 1984. Haya yote ni kweli. Lakini Summerland, katika California, watu walichimba juu ya magati ya mbao yaliyoingia baharini katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Katika Ziwa Caddo, Louisiana kwenyewe, walichimba majini mwaka 1911, na katika Ziwa Maracaibo, Venezuela, katika miaka ya 1920. Creole nimekwisha kupataja. Mwaka 1946 kampuni ya Magnolia ilisimamisha jukwaa katika Ghuba hiyo hiyo, ikachimba, isipate kitu. Na mwaka huo huo wa 1947 Superior ilikuwa na jukwaa kubwa zaidi, maili 18 kutoka pwani, ila Kerr-McGee waliyafikia mafuta mapema. Watu wa Bahari ya Kaspi nao wana mji wao wa chuma juu ya maji, Neft Daşları, ambako mafuta yalipatikana mwaka 1949, nao wana dai lao.

Basi ili Kerr-McGee awe wa kwanza, yapasa kuongeza maneno: wa kwanza kupata mafuta mahali ambapo ufuko hauonekani kwa macho. Sikatai kwamba maneno hayo yana maana. Mtu asiyeiona nchi kavu yumo katika hali nyingine, na tufani ikija hana pa kukimbilia. Walakini mwanafunzi na atambue kwamba tarehe ya kuanza haikuokotwa kisimani. Ilichaguliwa baadaye na watu waliokuwa na kitu cha kusherehekea. Kisima kikavu cha Magnolia hakikusherehekewa na mtu, ingawa watu waliokichimba walihatarisha maisha yao sawasawa na wenzao.

Tukiacha sherehe tutafute karatasi. Kila kampuni ilikuwa na barua, ramani, daftari za mishahara na taarifa za ajali. Ziko wapi? Hapa mtafiti hukutana na ukoo wa samaki wamezanao. Pure ilimezwa na Union ya California mwaka 1965, na Union ikamezwa na Chevron mwaka 2005. Superior iliingia tumboni mwa Mobil mwaka 1984, na Mobil ikaungana na Exxon mwaka 1999. Kerr-McGee yenyewe, yenye jina katika kila sherehe, ilinunuliwa na Anadarko mwaka 2006, na Anadarko ikanunuliwa na Occidental mwaka 2019. Kila mara nyumba moja inapohamia katika nyumba nyingine, kuna masanduku yanayobebwa na masanduku yanayotupwa. Kinachobebwa ni hati za mali na ramani za miamba, kwa kuwa zina thamani sokoni. Daftari la mpishi wa jukwaani halina mnunuzi.

Kuna mahali pamoja ambapo mtu mdogo ameacha maandishi mengi, napo si penye furaha. Ni mahakamani. Aliyevunjika mguu, au mjane wa aliyekufa, alilazimika kuleta mashahidi na kueleza kazi ilikuwaje, saa ngapi, nani alitoa amri, kamba ipi ilikatika. Na kwa kuwa sheria ya bahari na sheria ya nchi kavu hazilipi sawa, ilibidi mahakama ijibu swali ambalo msomi wa historia angelitamani kuliuliza yeye mwenyewe: mtu huyu ni nani? Mwaka 1959 ilikuja kesi ya mfanya kazi aliyeumia juu ya mtambo uliokokotwa na meli mpaka mahali pake, ukashusha miguu yake ukasimama juu ya sakafu ya bahari. Hakuwa mwanamaji kwa mafunzo wala kwa desturi, alikuwa mchimbaji. Mahakama ya rufani ikasema kwamba yawezekana ahesabiwe kuwa baharia, na apate haki za baharia chini ya sheria ya mwaka 1920. Mwaka 1969 zikafika Mahakama Kuu kesi za watu wawili waliokufa juu ya majukwaa yasiyohama, mbele ya pwani ya Louisiana. Safari hii ikaamuliwa kwamba jukwaa la namna hiyo ni kama kisiwa kilichotengenezwa na binadamu, hivyo sheria ya vifo vya baharini haihusiki, na warithi wafuate sheria ya Louisiana. Katika jambo hilo warithi walishinda, maana sheria ya jimbo iliwapa nafasi ya kudai zaidi.

Nimekaa hapa kwa sababu mimi naona hukumu hizi mbili zaeleza kazi hii kuliko vitabu vingi vya sifa za uhandisi. Watu wawili wafanya kazi ile ile, katika maji yale yale, upepo ule ule. Mmoja ni baharia na mwingine ni mtu wa kisiwani, na tofauti yao ni kwamba chuma kilicho chini ya miguu ya mmoja chaweza kukokotwa. Hata hesabu ya waliokufa inaingia katika mtego huo. Aliyekufa jukwaani huandikwa penye kitabu kimoja. Aliyezama na mashua ya kuleta vyakula, penye kitabu cha vyombo vya majini. Aliyeanguka na helikopta akienda zamu, penye kitabu cha ndege. Mtu akisoma kitabu kimoja tu ataamini kwamba bahari ilikuwa mpole.

Sasa niseme juu ya maandishi yaliyolipiwa, maana hayo hayaepukiki katika habari za mafuta. Mwaka 1948 ilionyeshwa filamu ya Robert Flaherty iitwayo Louisiana Story, ambayo wengi huihesabu miongoni mwa kazi bora za sanaa hiyo. Muziki wake, uliotungwa na Virgil Thomson, ulipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1949. Inaonyesha mtoto wa vinamasini, mtambo wa mafuta unaoletwa kimya kimya juu ya maji, wafanya kazi wema, kisima kinacholipuka kisha kikatulizwa, halafu mtambo unaondoka na kinamasi kinabaki kama kilivyokuwa. Fedha zote zilitoka kwa kampuni ya Standard Oil ya New Jersey, na filamu haimwambii mtazamaji hivyo. Watu wa vinamasini wanaoonekana humo ni watu wa huko kweli, na mitumbwi ni ya huko kweli. Uwongo wake uko katika mwisho: kinamasi hakikubaki kama kilivyokuwa.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba kila kilicholipiwa na kampuni ni uwongo. Wafugaji wa chaza wa Louisiana walikuwa wameshitaki kampuni za mafuta kwa kuwa chaza wao walikuwa wakifa kwa wingi. Kampuni zikatoa fedha kwa wataalamu wa Texas A&M wachunguze. Wataalamu wakagundua kidudu chenye kuwaua chaza, nao wakakieleza mwaka 1950. Jibu hilo liliwafaa sana waliolipa, na mtu mwenye shaka angelikuwa na haki ya kutabasamu. Hata hivyo kidudu kipo, chajulikana mpaka leo na wafugaji wa chaza wa pwani ile nzima, wala hakikuumbwa na wanasheria. Basi filamu ililipiwa ikaficha, na uchunguzi ulilipiwa ukapata kweli. Jina la mlipaji latuambia tuangalie upande gani. Kuangalia kwenyewe ni kazi yetu.

Maneno hayo yataka kukumbukwa tunapofika penye jitihada kubwa niliyoitaja mwanzoni. Mwaka 2001 idara ya serikali ya Marekani iliyokuwa ikikodisha viwanja vya baharini na kupokea ushuru wa mafuta ilitoa fedha ili vyuo vikuu vya Arizona, Houston, Louisiana State na Louisiana kule Lafayette vikusanye historia ya kazi hiyo katika Louisiana ya kusini. Wanahistoria kama Tyler Priest na wanaanthropolojia kama Diane Austin walifanya jambo ambalo karatasi zisingeliweza kulifanya: walikwenda Morgan City, Houma, na vijiji vya kando ya Bayou Lafourche na vinasa sauti, wakaketi na wazee. Waliwakuta wapiga mbizi, manahodha wa mashua, wachomelea vyuma, warushaji wa helikopta, wake zao na wenye maduka. Mamia ya mazungumzo yalinaswa, na mwaka 2008 vikatolewa vitabu sita, pamoja na mwongozo wa kuyatafuta mazungumzo yenyewe. Haraka ilikuwa na sababu. Kijana wa miaka 20 katika mwaka 1947 alikuwa na miaka 74 walipoanza.

Je, mazungumzo hayo yaaminike? Naona yana kasoro tatu, na hata moja haikutokana na uvivu wa waliouliza. Kwanza, mzee husimulia kazi yake ya ujana kwa mapenzi, na hatari iliyopita huwa tamu mdomoni. Pili, bei ya mafuta ilianguka mwaka 1986 mpaka karibu na dola 10 kwa pipa, na maelfu walipoteza kazi wakahama Louisiana. Mtafiti aliyefika mwaka 2001 aliwakuta waliosalia, yaani aghalabu wale ambao kazi iliwatendea wema. Tatu, aliyeleta fedha za utafiti ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi inayotafitiwa. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba hiyo, watu 11 wakafa, na mafuta yakamwagika kwa muda wa karibu miezi mitatu. Idara ile ililaumiwa kwa kuwa mkusanya fedha na mlinzi wa usalama kwa wakati mmoja, ikavunjwa, na kazi zake zikagawanywa. Vitabu sita vikabaki. Mtu akivisoma leo, husoma usiku wa kuamkia msiba bila waliosema kujua, na kwa hiyo vimezidi kuwa na thamani.

Kuna sauti zilizochelewa zaidi. Wahouma na jamaa zao, wenyeji wa asili wa vinamasi vile, waliijua kila njia ya maji kabla ya ramani, na watafutaji wa mafuta waliwahitaji wawe viongozi wa mashua zao. Lakini mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 watoto wao hawakupokewa katika shule za wazungu za wilaya ya Terrebonne, na cheti cha shule kilikuwa ndicho ngazi ya kupandia vyeo. Wengi wao, kama jirani zao wa asili ya Kifaransa, lugha ya nyumbani ilikuwa Kifaransa, na katiba ya jimbo ya mwaka 1921 iliamuru masomo yafundishwe kwa Kiingereza tu. Wamarekani weusi nao walifungiwa mlango wa kazi nyingi za baharini mpaka sheria ya haki ya mwaka 1964 ilipoanza kuusukuma, na walioingia mwanzo waliingia kwa upande wa jikoni na kazi za mabega. Mwanamke alionekana jukwaani baadaye zaidi, ila nchi kavu yeye ndiye aliyebeba zamu. Mume akienda siku saba na kurudi siku saba, nyumba hupata kichwa kimoja wiki hii na vichwa viwili wiki ijayo, na mke ndiye aliyejifunza kukaa kwa namna mbili. Habari hiyo haimo katika daftari la kampuni yo yote, wala haikuweza kupatikana ila kwa kumwuliza yeye.

Nilisema kwamba bahari haiachi magofu. Louisiana hata nchi kavu haiyaachi. Mifereji iliyochimbwa vinamasini kwa ajili ya mitambo na mabomba iliingiza maji ya chumvi, majani yakafa, udongo ukafuata. Na kuta zilizojengwa kuuzuia Mto Mississippi usifurike ziliunyima udongo mpya. Toka mwaka 1932 nchi iliyopotea ni karibu maili 2,000 za mraba. Wataalamu hubishana juu ya fungu la lawama lipi liende kwa mafuta na lipi kwa kuta za mto, nami sitaingia katika hesabu hiyo. Kisiwa cha Jean Charles, kikao cha wenyeji wa asili, kimepoteza asilimia 98 ya nchi yake toka mwaka 1955, na mwaka 2016 serikali ilitoa fedha za kuwahamisha watu wake. Kwa hiyo anayetafuta historia hii humkosa shahidi, tena aweza kuikosa hata baraza ambayo shahidi huyo angeliketi juu yake. Kilichosalia cha kushikika ni vitu vichache, kama Mr. Charlie, mtambo wa kwanza wa kuhamishika wa aina yake, uliobuniwa na Laborde na kuanza kazi mwaka 1954, ukastaafu mwaka 1986, na kufanywa nyumba ya makumbusho huko Morgan City. Wageni hupanda ngazi wakatazama vitanda. Ni jambo jema, ingawa kitanda kilichotandikwa vizuri hakisemi nani alilala.

Nimeanza na Kilwa, na sikuitaja bure. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni za BP na Shell zilichimba Mafia, Unguja na Pemba, zisipate cha kuuza. Mwaka 1974 Agip ya Italia ikapata gesi Songo Songo, kisiwa cha wavuvi kilicho ndani ya wilaya ya Kilwa. Gesi ikaonekana haina faida ya kutosha, ikaachwa, na ndipo mwaka 2004 ilipoanza kufika Dar es Salaam kwa bomba. Mnazi Bay, upande wa Mtwara, gesi ilipatikana mwaka 1982, na mwaka 2013 watu wa Mtwara waligombana na serikali juu ya bomba la kuipeleka kaskazini, damu ikamwagika. Hukumu, mikataba na hotuba za mambo hayo zitahifadhiwa, na wanafunzi wa siku zijazo watazisoma wakiwa wamekaa vitini. Lakini nani aliongoza mashua za Waitaliano kati ya miamba ya Songo Songo? Walipewa ujira gani? Wavuvi waliuitaje mtambo ule walipouona mara ya kwanza usiku na taa zake, na wake zao walisema nini kazi ilipokwisha ghafula na wageni wakaondoka? Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule sasa amepita 70.